Namba ya Aoko

Ukipiga simu katika kampuni moja ya malori iliyo upande wa reli hapa Kisumu, sauti ya kwanza kukujibu ni ya Aoko. Atakuuliza unamtaka nani, atakusahihisha ukikosea jina, na ukijifanya mkubwa atakuacha ungoje mpaka adabu ikurudie. Mume wangu Walubengo, fundi wa reli asiyezoea kungojeshwa, alimpigia siku moja akitafuta lori la kubeba mahindi kutoka kwetu Bungoma. Alirudi nyumbani amenuna. "Yule mwanafunzi wako," akaniambia, "ulimfundisha kusoma ama ulimfundisha kugombana?"

Nilimwambia kusoma nilimfundisha mimi. Kugombana alikuja nako, na kidogo tu nimwibie.

Majirani zangu hapa Kaloleni hupenda kunisifu juu ya msichana huyu. Husema Mwalimu Nabututu ana moyo, alimpokea mtoto asiyetembea wakati ambapo hakuna mwalimu aliyetaka taabu hiyo. Miaka kumi na mmoja imepita, sasa ni 1978, na sifa hizo bado zinaniuma kama moshi wa kuni mbichi, kwa sababu najua nilichofanya. Nilimpokea, ndiyo. Halafu kwa wema wangu nikamharibia muhula mzima kasoro wiki chache. Waswahili husema tenda wema nenda zako. Mimi nilitenda wema, nikavuta kiti, nikakaa papo hapo kuutazama.

Aoko alizaliwa Dunga, kijiji cha wavuvi karibu na Kisumu, mwaka 1958, kwenye njia ya kutoka ziwani, mama yake akiwa na karai la samaki kichwani. Ndiyo maana ana jina hilo, ambalo Wajaluo humpa mtoto aliyezaliwa nje ya nyumba. Alianza kutembea kama watoto wengine. Alipokuwa na miaka miwili alishikwa na homa ya siku tano, na homa ilipoondoka iliondoka na miguu yake. Wanawake wa jirani wakaanza kunong'ona habari za chira, ile laana ambayo huko husemwa humwandama mtu aliyevunja mwiko. Mama yake, Seline, aliwaacha wamalize. Kisha akauliza ni nani kati yao aliyemwona akiuvunja mwiko huo, na kama alimwona, mbona hakumkataza. Mazungumzo yakaishia hapo.

Mjomba wake, Ochieng, alikuwa akipeleka samaki soko la Otonglo kwa baiskeli. Alichukua tairi la gari lililochakaa, akalikata vipande, akavitia kamba na kumfunga mtoto magotini na viganjani, vilevile watu wanavyotengeneza akala za kuvaa miguuni. Kwa viatu hivyo vinne Aoko alitambaa Dunga nzima kwa kasi iliyowaudhi wenye miguu.

Nilimwona mara ya kwanza Januari 1967, siku ya kufungua shule. Ochieng alimteremsha kutoka kwenye keria ya baiskeli, katikati ya vikapu viwili vya samaki, na Seline akafika nyuma yao akihema, amevaa nguo yake ya kanisani. Hedimasta wetu alikuwa Bwana Shitanda, mtu wa Kakamega, mrefu, mwenye kalamu tatu mfukoni, ambaye hakuwahi kuvunja sheria hata ile aliyoitunga mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu jambo lolote ambalo halikuwa na mahali pake kitabuni.

"Mama, iko shule ya viwete," alisema. Ndivyo tulivyosema siku hizo, bila haya. "Ni mbali, lakini wanalala huko huko, wanakula huko huko. Huyu atafaa huko."

"Bwana mwalimu, mimi sijakataa hiyo shule," Seline alijibu. "Lakini huyu nyathina, mtoto wangu, ni mtu ya Dunga. Akikuwa mkubwa ataishi na hawa watoto ya hapa. Hawa ndio watamuuzia unga. Hawa ndio watamzika. Kama hawamjui sasa, watamjua lini?"

Mtu wa sheria akiulizwa kisichomo kitabuni huomba muda. "Nitamwacha akae muhula mmoja," alisema mwishowe. "Simwandiki. Siku ya kufunga shule nitaamua. Akionekana ni mzigo kwa mwalimu na kwa wenzake, utamrudisha nyumbani, na tusilaumiane."

Lazima nieleze uzito wa maneno hayo. Ofisini kulikuwa na kitabu kikubwa cha kuandikisha wanafunzi, chenye jalada gumu, na kila mtoto alikuwa na namba yake humo. Namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye rejista ya darasa, kwenye madaftari na kwenye ripoti ya kwenda nyumbani. Asiye na namba alikuwa mpita njia. Aoko alikuwa na miezi mitatu ya kuipata namba yake, na kwa kuwa alikuwa na miaka tisa na alijua kusoma kidogo kwa vitabu vya kanisa, aliletwa kwangu, darasa la pili.

Niliishika kazi hiyo kwa moyo wote, na ubaya ulianzia hapo.

Nilimweka karibu na meza yangu, juu ya gunia lililokunjwa vizuri. Niliwaonya watoto wengine wasimsukume, wasimguse, wasimchokoze, wasicheke akiwa karibu. Wakati wa mapumziko walikimbia nje, naye akabaki nami nikimmiminia chai kutoka chupa yangu. Wenzake walipokwenda kuchota maji, nilimwacha. Walipokwenda kuimba na kucheza uwanjani, nilimwacha. Na Ijumaa, siku ya kusiriba, nilimtoa nje akae kivulini kama bibi harusi.

Kusiriba kwenyewe kulikuwa hivi. Madarasa yetu hayakuwa na saruji. Kila Ijumaa wavulana walitoa madawati nje, na wasichana wakachanganya mavi ya ng'ombe na majivu na maji, wakapiga magoti kwa mstari, wakaipaka sakafu kwa viganja kuanzia ukuta wa nyuma hadi mlangoni. Jumatatu tuliikuta imekauka, laini, haina vumbi wala funza. Ilikuwa kazi chafu ambayo hakuna msichana aliyeipenda, na hakuna aliyekubali kuikosa, kwa sababu huko magotini ndiko habari zote za darasa zilikopita: nani amekosana na nani, dada ya nani anaolewa, mwalimu gani ana soksi zilizotoboka.

Watoto walinitii. Asubuhi walimwamkia Aoko kwa adabu, jioni wakamuaga kwa adabu. Wakampa na jina: Mgeni. Mimi, mwalimu mwenye cheti, nililisikia jina hilo nikafurahi. Nilidhani ni heshima.

Tena kulikuwa na jambo la kusimama. Katika shule yetu mtoto hajibu swali akiwa amekaa. Aliyejibu amekaa alihesabiwa kuwa hana malezi, na Bwana Shitanda alikuwa na fimbo ya kumlea. Siku ya kwanza kabisa nilimwinamia Aoko nikamwambia kwa sauti ya upole, "Wewe usihangaike kusimama." Aliitikia kwa kichwa. Januari ikaisha, Februari ikaisha, naye hakujibu swali hata moja. Katika daftari langu niliandika: mpole.

Mwanzoni mwa Machi hedimasta aliingia darasani bila hodi, akasimama mbele ya Aoko. "Saba mara tatu?"

Aoko alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama chini.

"Unaitwa nani?"

Hata hilo hakujibu. Bwana Shitanda alinitoa hadi mlangoni. "Mwalimu," alisema, "mzigo hubebwa, ukafika mahali. Huyu hata mzigo si mzigo. Umeweka chungu darasani. Zimebaki wiki nne, na kama mambo ndiyo haya, jibu langu nimeshalipata."

Nililia siku hiyo, sitasema uongo. Nililia kwa hasira, na niliyemkasirikia ni Aoko, kana kwamba aliniaibisha makusudi baada ya chai yangu yote.

Jumamosi nikashika njia ya Dunga ili nimtayarishe Seline kwa habari mbaya. Mashua zilikuwa zimeshafika na wachuuzi wametapakaa ufukoni. Kabla sijaona lolote nilisikia sauti ya mtoto ikimwambia mama mmoja mnene kwamba akikanyaga tena omena za watu atazinunua zote na mchanga wake. Yule mama aliruka pembeni. Nikatazama mwenye sauti. Alikuwa Aoko.

Alikuwa chini pamoja na wasichana wengine wanne, wote wamepiga magoti, wakizigeuza omena, wale dagaa wa ziwani, zilizoanikwa juu ya nyavu kuukuu, na yeye ndiye aliyepanga nani aende upande gani. Kunguru akatua. Aoko akavua kipande cha tairi mkononi, akamrushia, akampata. Wenzake wakashangilia. Mmoja wao akamrudishia kile kipande kwa kumtupia mgongoni, naye Aoko akamjibu kwa maneno ambayo nashukuru sikuyaelewa yote, maana Kijaluo changu ni cha sokoni.

Seline alinisogezea kigoda. "Karibu, Mwalimu. Mbona unaangalia namna hiyo, umeona maiti imeamka?"

"Yule ni Aoko?"

"Ni nani ingine?"

"Shuleni haongei."

Seline alifuta mikono yake kwa leso, polepole, kidole kimoja kimoja. "Wacha nikuulize kitu, Mwalimu, na usikasirike. Wasichana yote ya hapa wanasoma kwako, Ijumaa wanarudi na mavi ya ng'ombe kwa kucha. Mama zao wanapiga kelele wakiwaosha. Mimi wangu anarudi mikono safi. Kwa nini?"

"Sikutaka achoke."

"Asichoke." Aliwatazama wale wasichana pale kwenye nyavu. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe umekaa na yeye miezi mbili, hata mpini ya jembe hajaona. Nani anapenda mgeni, Mwalimu? Mgeni watu wanangoja tu aende."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza, kwa sababu kelele ningeweza kuijibu. Nilikaa kwenye kigoda chake nikaona aibu, mimi mtu mzima, mbele ya mama ambaye hakuwahi kuingia darasani.

Aoko alikuwa ameshaniona na kutambaa hadi tulipo. Nilimuuliza kwa nini hakumjibu hedimasta.

"Mwalimu, si wewe ulisema nisisimame? Na asiyesimama hajibu."

"Saba mara tatu ni ngapi?"

"Ishirini na moja," alisema, na midomo yake ilionyesha anavyolidharau swali hilo. "Hata siku ile nilijua."

Nikawaeleza wote wawili yale aliyoyasema hedimasta, kwamba zimebaki wiki tatu na ushee na jibu lake linaelekea kuwa la kumrudisha nyumbani. Aoko aliinamisha kichwa, akaanza kuchora mchangani kwa kidole. Nilikuwa sijawahi kumwona akiogopa. Nikasema nitamsaidia kwa bidii zaidi.

"Hapana," Seline akasema. "Usimsaidie tena. Mpe kazi."

Jumatatu nililitoa lile gunia karibu na meza yangu. Nilimketisha Aoko kwenye dawati la safu ya tatu, kando ya Anyango, msichana mrefu ambaye alikuwa wa kwanza katika kusiriba na wa kwanza katika domo. Nikatangaza kwamba tangu siku hiyo Aoko atajibu maswali akiwa amekaa. Anyango akasimama papo hapo.

"Mwalimu, hiyo si haki. Sisi wote tunasimama."

Nilivuta pumzi nimgombeze mpaka akome. Kabla sijafungua mdomo, Aoko alishika ukingo wa dawati kwa mikono miwili, akajivuta, akajigeuza, akakaa juu ya dawati. Mikono yake ilikuwa imefanya kazi ya miguu kwa miaka saba, na ilijua kazi. Pale juu alimzidi Anyango urefu.

"Ishirini na moja," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Darasa zima likacheka, na yeye akacheka nalo. Kicheko hicho nilikuwa nimekipiga marufuku kwa miezi miwili.

Ijumaa jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kusiriba. Wasichana walimwachia nafasi pana, vile mtu anavyompisha mgeni, naye akaingia kwenye mstari karibu na ukuta, vipande vya tairi magotini, mikono mitupu. Wengine magoti yaliwauma wakawa wanainuka kila mara kujinyoosha. Yeye alisonga tu. Shida ilikuwa mdomo.

"Anyango, umeacha mistari hapa. Unasiriba ama unapiga mswaki?"

"Nyamaza, Mgeni."

"Mgeni ni nyanya yako."

Bonge la mavi ya ng'ombe likaruka, likampata Aoko kwenye paji la uso. Mikono yote ikasimama. Wasichana wote walinigeukia mimi niliyekuwa mlangoni, na Anyango mwenyewe alikuwa ameshaanza kulia kwa kuwaza fimbo. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshaingia ndani. Kila kitu nilichofundishwa kiliniambia nikimbie, nimfute mtoto yule uso, nimwadhibu mwenzake. Nilishika mwimo wa mlango nikaung'ang'ania.

Aoko alifuta macho. Akachota kwa mikono miwili, akapima, na Anyango akapata haki yake yote kifuani. Kilichofuata sikukitazama hadi mwisho, nilikwenda kusimama nyuma ya darasa nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Sakafu ilisiribwa mara mbili siku hiyo. Jioni Ochieng alipofika na baiskeli alikataa kumpakia mtoto anayenuka hivyo mpaka aoshwe, na aliyemmwagia maji, huku akimlaumu kwa kumharibia gauni, ni Anyango.

Jina la Mgeni lilikufa wiki hiyo. Wakaanza kumwita Nyapara, kwa namna alivyowasimamia watu kazini. Waligombana naye, wakamnunia, wakampokonya penseli, wakaazima kifutio chake na kukirudisha pale tu walipotaka kunong'onezwa jibu. Siku mbili hawakusema naye kabisa kwa sababu aliitoa siri ya mmoja wao. Alilia juu ya jambo hilo. Nilimwacha alie, na siku ya tatu walipatana bila msaada wa serikali.

Nilikwenda kwa hedimasta kumweleza. Alinisikiliza akipanga kalamu zake. "Nimepita dirishani nikaona mtoto amekaa juu ya dawati," alisema. "Nikapita tena nione kama nimeota. Nakubali, anaongea. Lakini akianguka, Mwalimu? Akivunjika? Nitaulizwa ni mtoto wa nani, na kitabuni hayumo."

"Basi mwandike."

"Nilisema siku ya kufunga. Na bado sijaona kitu cha kunifanya nilale usingizi."

Siku ya kufunga ilikuwa Ijumaa. Sakafu ilitakiwa isiribwe vizuri zaidi kwa kuwa ingekaa mwezi mzima, na asubuhi hiyo mzee aliyekuwa akitugawia mavi ya ng'ombe alikuwa amehamisha mifugo yake. Niliwaambia wasichana waulize kwa majirani. Kengele ya baada ya mapumziko ikalia, wengi wakarudi mikono mitupu. Watano hawakurudi kabisa. Anyango hakuwepo. Wilbaro ya shule haikuwepo. Aoko hakuwepo.

Saa nzima ikapita. Kichwani mwangu kulikuwa na ziwa tu. Bwana Shitanda alipanda baiskeli yake akaelekea mjini, koti likipepea, na mimi nikakimbia upande wa Dunga nikiomba Mungu kwa sauti, kwa Kibukusu, Kiswahili na lugha yoyote atakayosikia haraka.

Niliwakuta kwenye kona ya barabara. Wasichana watatu walikuwa wakiivuta wilbaro kwa kamba, imelala ubavu bila gurudumu, gunia limefungwa juu yake. Mbele yao Anyango alikuwa akitembea huku amembeba Aoko mgongoni. Aoko alikuwa na gurudumu mkononi na alikuwa akitoa amri.

"Mwalimu!" Anyango alipiga kelele, jasho likimtoka. "Tumepata mavi mazuri sana!"

Ilikuwa hivi: Aoko aliwaambia anajua mahali ng'ombe wanaponyweshwa maji asubuhi karibu na Dunga. Wakamtia kwenye wilbaro ili awaonyeshe njia, wakaenda wakipokezana kusukuma. Wakati wa kurudi wakamketisha juu ya gunia lililojaa, na wilbaro, ambayo ilinunuliwa kwa ajili ya mchanga na si kwa ajili ya wafalme, ikavunjika. Hakuna aliyeomba ruhusa. Nilitaka kuwachapa wote na kuwakumbatia wote, na kwa kuwa sikujua kuanzia wapi, niliishika kamba nikavuta nao.

Bwana Shitanda alikuwa amesharudi. Aliwapanga watano hao mbele ya ofisi, Aoko chini mwishoni mwa mstari, na shule nzima ikitazama. Alikuwa amekasirika hasira ya mtu aliyeogopa sana. Akafungua kitabu cha adhabu, akaandika safu kwa safu: jina, namba, darasa, kosa.

"Anyango. Namba?"

"Mia sita na tatu, Mwalimu."

Akaandika. Wa pili, wa tatu, wa nne. Akafika kwa Aoko. Kalamu ikasimama.

"Wewe nenda ukakae kivulini," alisema.

Aoko hakusogea. "Mwalimu, mimi ndiye nilisema twende."

"Nenda ukakae."

"Ni kweli ni yeye!" Anyango alipasuka, na sitasahau hasira iliyokuwa usoni mwake. Hakuwa akimtetea rafiki. Alikuwa akilalamika. "Yeye ndiye alitupeleka! Yeye ndiye alisema gunia lijazwe! Mimi nimembeba mpaka mgongo unaniuma, halafu mimi niadhibiwe na yeye akae kivulini? Mwalimu, hiyo ni haki gani?"

Wenzake watatu wakaunga mkono. Nyuma, darasa la pili zima likaanza kunung'unika.

"Kimya! Hana namba," Bwana Shitanda alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu yule akibanwa na kitabu chake mwenyewe. "Siwezi kumwandika mtu asiye na namba. Si wa shule."

"Basi nipe namba," Aoko akasema.

Hedimasta alinigeukia, akingoja nimsihi, nimweleze, nimwombee mtoto. Kwa mara ya kwanza muhula ule nilifunga mdomo. Alimtazama Anyango, aliyekuwa bado anafura. Alimtazama Aoko, uso umejaa vumbi, gurudumu bado mapajani. Kisha akaingia ofisini.

Alitoka na kile kitabu kikubwa chenye jalada gumu. Alikiweka kwenye kizingiti cha dirisha, akafungua ukurasa, akatoa kalamu ya wino mfukoni, akaitikisa mara mbili.

"Jina kamili."

Akaandika taratibu, kwa hati yake nzuri. Akakausha wino. Kisha akarudi kwenye kitabu cha adhabu, akamtazama yule mtoto kwa ukali, akamwadhibu.

Seline alifika saa saba, amevaa ile nguo ya kanisani, amekuja kusikia uamuzi. Kutoka langoni alimwona binti yake katikati ya uwanja pamoja na wengine wanne, wanang'oa nyasi juani na kubishana. Alinijia haraka. "Mwalimu, amefukuzwa?"

Nilimshika mkono. Nilimpeleka ofisini, nikafungua kitabu cha adhabu, nikaweka kidole chini ya mstari wa mwisho, nikamsomea. "Aoko, namba mia sita arobaini na tatu, darasa la pili. Kosa: kuchukua wilbaro bila ruhusa na kuiharibu. Adhabu: kung'oa nyasi leo, na siku mbili za kwanza za muhula ujao."

"Soma tena hapo mwisho."

"Siku mbili za kwanza za muhula ujao."

"Muhula ujao," Seline alisema. Alikaa kwenye kiti cha hedimasta bila kukaribishwa, akafuta macho kwa leso, jicho moja kisha la pili. Huko nje tulimsikia Aoko akimwambia mtu kwamba nyasi hung'olewa na mizizi yake.

"Mwambie hedimasta aongeze iwe siku tatu," mama yake akasema. "Mimi namjua huyo mtoto."